Usisubiri Shida Ndipo Upige: Maswali ya Wasomaji kuhusu Mawasiliano ya Kikazi kwa Simu

Barua zilizotufikia safari hii zinagusa jambo linalowatatiza watu wa kazi za kila namna: simu imejaa namba za wakuu wa zamani, wateja, mafundi na washirika wa biashara, lakini mwenye simu hajui ampigie nani, lini, na aanze vipi bila kuonekana msumbufu. Msimamo wangu nauweka wazi tangu mwanzo, kwa kuwa utajitokeza katika kila jibu: anayepiga simu wakati wa shida pekee ana orodha ya namba tu, na orodha hiyo hupungua thamani kila msimu unaopita bila salamu. Nimechagua barua tano. Nimezijibu kwa urefu usiolingana kwa sababu uzito wake haulingani.

Swali: Shikamoo. Nilisoma shahada ya kilimo katika Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro, na mafunzo kwa vitendo niliyafanya mkoani Mbeya chini ya afisa kilimo aliyenifundisha mengi. Siku ya kuagana aliniambia nimpigie wakati wowote. Tangu hapo nimempigia mara chache, na kila mara nilikuwa na ombi: kwanza barua ya utambulisho, kisha habari za nafasi za kazi. Sasa naona haya hata kumjulia hali, kwa sababu nahisi akiona jina langu anajua kwamba nataka kitu. Nifanyeje? — Mhitimu, Morogoro

Jibu: Marahaba. Haya unayoiona inatoka mahali pazuri, kwa maana umetambua mwenyewe kwamba mazungumzo yenu yameelemea upande mmoja. Hata hivyo, ukiacha kupiga kabisa utakuwa umemwachia kumbukumbu ya maombi tu. Kinachotakiwa ni kumpigia simu ambayo mwisho wake hauna ombi, na kuifanya hivyo kwa dhati, si kama maandalizi ya ombi litakalofuata wiki ijayo.

Utamwambia nini, basi? Mwambie habari za kazi aliyokufundisha. Kama alikuonyesha namna ya kukagua viwavijeshi vamizi kwenye moyo wa mhindi, na sasa umewaona katika shamba la mkulima huko uliko, mpigie umweleze ulichokiona, ulichomshauri mkulima, na matokeo yake. Mdudu huyu aliingia Tanzania mwaka 2017 na bado anawasumbua maafisa ugani wa mikoa yote inayolima mahindi, kwa hiyo taarifa yako ina faida kwake pia. Mwalimu yeyote wa kazi hufurahi kusikia kwamba alichokifundisha kinatumika mahali ambapo yeye mwenyewe hajafika, na furaha hiyo huwezi kumpa kwa picha ya maua yenye maneno ya heri uliyoisambaza kwa watu wote wa kwenye simu yako siku ya sikukuu. Picha hizo sizioni kuwa ni salamu. Ukitaka kumpa heri ya Krismasi au ya Idi, andika jina lake na sentensi mbili ambazo zisingeweza kwenda kwa mtu mwingine.

Kuhusu utaratibu wa simu yenyewe, usiruke salamu kwa kisingizio cha kuokoa muda wa maongezi; mkubwa aliyekulea kikazi hutarajia shikamoo yake kwenye simu kama anavyoitarajia barabarani. Baada ya salamu taja jina lako kamili na mahali mlipofahamiana, hata kama una hakika kwamba namba yako ameihifadhi, kwa kuwa simu hubadilishwa na majina hupotea. Kisha uliza kama muda ule unamfaa. Swali hilo ni fupi, lakini ndilo linalotenganisha simu ya heshima na simu ya kuvamia, kwa sababu linampa nafasi ya kukuambia kwamba yuko kikaoni au barabarani bila kulazimika kukukatia. Akikuruhusu, eleza jambo lako, msikilize, na ufunge mazungumzo wewe mwenyewe kabla hajaanza kutafuta namna ya kuyafunga. Asipopokea, usirudie mara tano mfululizo. Tuma ujumbe mmoja wenye jina lako na sababu ya simu, kisha ngoja.

Jambo jingine ambalo vijana wengi hawaoni uzito wake ni kubipu. Kwetu anayelipia simu ni anayepiga, kwa hiyo kumbipu mtu au kumtumia ule ujumbe wa mtandao unaosema tafadhali nipigie ni kumwomba agharimie mazungumzo unayoyataka wewe. Kati ya ndugu na marafiki jambo hili limezoeleka na halina ubaya, ila kwa mtu wa kazi, tena aliyekuzidi umri na cheo, ni kumpunguzia heshima. Ukiwa huna salio, andika ujumbe na usubiri siku utakayokuwa na bando.

Mara ngapi? Kwa uhusiano wa namna yenu, mara tatu au nne kwa mwaka zinatosha, na kilimo chenyewe kinakupangia ratiba: mwanzo wa mvua, wakati wa mavuno, na siku za Nane Nane, ambapo huenda atakuwa kwenye maonyesho ya viwanja vya John Mwakangale jijini Mbeya na atafurahi kukusimulia alichokiona kwenye vipando.

Naomba pia nikuondolee wazo kwamba mtu unayeongea naye mara chache hana msaada mkubwa kwako. Mwanasosholojia wa Marekani, Mark Granovetter, alichapisha mwaka 1973 makala iliyotokana na kuwahoji wafanyakazi wa eneo la Boston waliobadilisha kazi muda si mrefu kabla ya kuhojiwa. Miongoni mwa waliopata kazi kupitia mtu wanayemfahamu, ni asilimia 16.7 tu waliokuwa wakionana na mtu huyo mara mbili au zaidi kwa wiki, asilimia 55.6 walikuwa wakionana naye mara moja moja, na asilimia 27.8 walionana naye mara moja kwa mwaka au pungufu ya hapo. Sababu inaeleweka kwa urahisi: rafiki unayeshinda naye husikia habari zile zile unazozisikia wewe, ilhali afisa aliye Mbeya husikia habari za Mbeya. Bila shaka Boston ya wakati ule si Tanzania ya leo. Nafasi za utumishi wa umma kwetu hutangazwa na Sekretarieti ya Ajira na kuombwa kwa mfumo wake wa mtandaoni, wala afisa wako hana uwezo wa kukupa kazi hizo, na si haki kumweka katika hali ya kuombwa asichoweza kukitoa. Anachoweza ni kukuambia kwamba kampuni fulani ya mbegu inatafuta watu wa mashamba darasa, au kwamba mradi fulani unakaribia kuanza. Habari kama hizo huwafikia watu ambao majina yao bado yako kichwani mwa msemaji.

Swali: Mimi ni mama mfanyabiashara wa hapa Unguja. Nauza dagaa wakavu kwa wateja wa Lubumbashi, na viungo kidogo kwa mteja mmoja wa Maskati. Wote tulionana mara moja tu, na sasa biashara yetu ni ya simu. Yule wa Maskati naweza kumpigia siku nzima asipokee. Na mmoja wa Lubumbashi tuliahidiana tuzungumze saa nane, nikamngoja mchana wote, naye akanipigia saa tatu ya usiku kama vile hakuna kilichotokea. Je, watu hawa wananikwepa? — Mama wa Dagaa, Unguja

Jibu: Kwa maelezo yako, bibi, sidhani kama kuna anayekukwepa. Tukianza na huyo wa Lubumbashi, mji huo uko nyuma ya Unguja kwa saa moja, na mtu aliyezoea kuhesabu saa kwa Kifaransa huihesabu saa nane kuanzia usiku wa manane au adhuhuri, si kuanzia macheo au machweo kama tunavyohesabu sisi. Aliposikia saa nane alielewa ni saa nane yao ya jioni, ambayo kwetu sisi ni saa tatu ya usiku, na kwa kweli alitimiza ahadi yake kwa dakika. Dawa yake ni kuandika ahadi kwa tarakimu na kutaja mji: 14:00 kwa saa za Lubumbashi. Na ukipata mteja wa Kinshasa, kumbuka kwamba Kongo ina majira mawili na kwamba Kinshasa iko nyuma yetu kwa saa mbili. Kwa hiyo inapokuwa saa sita ya mchana Unguja, Lubumbashi ni saa tano, Kinshasa ni saa nne, na Maskati, iliyo mbele yetu kwa saa moja, ni saa saba.

Mteja wa Maskati ana sababu nyingine. Mapumziko ya wiki nchini Omani ni Ijumaa na Jumamosi, na yamekuwa hivyo tangu mwaka 2013, kwa hiyo ukimtafuta siku hizo kwa mambo ya mzigo unamtafuta akiwa na watoto wake, ilhali Jumapili, ambayo wengi wetu tunaihesabu kuwa ni siku ya kupumzika, kwake ni siku ya kwanza ya kazi na mara nyingi ndiyo siku nzuri ya kumpata. Ukipanua biashara mpaka Dubai usidhani utaratibu ni ule ule, kwani Falme za Kiarabu zilihamia mapumziko ya Jumamosi na Jumapili mwezi Januari 2022, na ofisi za serikali huko hufanya kazi nusu siku ya Ijumaa. Katika mwezi wa Ramadhani saa za kazi hupunguzwa katika nchi zote hizo; wewe mwenyewe unajua kwamba simu ya biashara inayoingia wakati watu wanangoja adhana ya magharibi haipati jibu zuri.

Kama unampigia kwa WhatsApp, hapo penyewe pana tatizo. Omani na Falme za Kiarabu zimekuwa kwa miaka mingi zikizuia simu za sauti za programu hiyo, ingawa ujumbe wa maandishi na sauti zilizorekodiwa hupita. Inawezekana kabisa kwamba simu zako hazikuwahi kulia kwenye simu yake. Mtumie ujumbe wa sauti wa muda mfupi, mpatane siku na saa, kisha umpigie kwa simu ya kawaida baada ya kuuliza mtandao wako una bando gani la kupiga nje ya nchi. Gharama itakuwa kubwa kuliko ya intaneti, lakini simu moja iliyopangwa ina faida kuliko ishirini zisizopokewa.

Sasa niseme kuhusu jambo ambalo hukuliuliza, nami naliona kuwa ndilo kiini cha biashara yako. Mteja aliyekuona mara moja tu maishani anakuamini kwa sauti yako na kwa namna unavyompa habari. Mzigo wako ukitoka Dar es Salaam hupita Tunduma, ukaivuka Zambia, ukafika Kasumbalesa ambako malori hupanga foleni, na siku zote hizo mteja ana fedha yake njiani. Mpigie yeye kabla hajakupigia wewe. Lori likikwama mpakani, mwambie siku hiyo hiyo, na umweleze unachokijua na kile ambacho bado unasubiri kuambiwa. Wafanyabiashara wengi hunyamaza mzigo unapochelewa kwa matumaini kwamba utafika kabla ya kuulizwa, na ukimya huo huwapotezea wateja kuliko kuchelewa kwenyewe. Hali kadhalika wakati wa masika, kuanzia Machi hadi Mei, dagaa hawakauki vizuri kwa kukosa jua na mzigo huwa haba. Ni wakati wa kuwapigia wateja wako mapema, uwaambie wasikutegemee kwa kiasi kikubwa, na uwaulize soko la kwao likoje. Mteja akipata habari hiyo wakati huna cha kumuuzia ataikumbuka utakapokuwa nacho.

Na kila mnapokubaliana bei kwa mdomo, fuatisha ujumbe wa maandishi siku hiyo hiyo ukitaja kilo, bei, sarafu, anayelipia usafiri na tarehe ya kupakia, kisha mwombe akujibu kwamba ndivyo mlivyoelewana. Maneno ya simu hupotea hata pale ambapo hakuna mwenye nia mbaya, na kati ya Kiswahili cha Unguja na cha Lubumbashi tofauti zipo za kutosha kuwafanya watu wawili waaminifu waelewe mambo mawili.

Swali: Mimi ni fundi umeme, Mwanza. Simu yangu imeibiwa stendi ikiwa na namba za wateja wangu wa miaka mingi, wahandisi wanaonipa kazi, na wenye maduka ya vifaa wanaonikopesha. Laini nimeirudisha, ila majina yote yamepotea. Nianzie wapi? — Fundi, Mwanza

Jibu: Pole sana, fundi. Anza na hatari kabla ya hasara. Mtu aliye na simu yako anaweza kuwaandikia watu wako akiomba fedha kwa jina lako, na sote tumewahi kupokea ule ujumbe wa kitapeli unaosema ile hela itume kwenye namba hii. Kwa kuwa laini imerudi, sajili WhatsApp kwenye simu mpya kwa namba ile ile, jambo ambalo litaitoa akaunti kwenye simu iliyoibiwa, kisha watangazie watu wako kwamba simu iliibiwa, kwamba wewe huombi fedha kwa ujumbe, na kwamba mwenye mashaka akupigie akusikie sauti. Badilisha pia namba ya siri ya huduma ya fedha na ya barua pepe.

Kuhusu majina, ingia kwenye akaunti ya Google uliyokuwa ukiitumia katika simu ya zamani. Kama majina yalikuwa yakihifadhiwa huko, yatarudi yenyewe. Kama yalikuwa kwenye simu au kwenye laini, hayatarudi, kwa sababu laini mpya huja tupu. Usikate tamaa, kwani makundi ya WhatsApp uliyokuwa mwanachama hurudi pamoja na namba, na ndani yake utawaona wahandisi na mafundi wenzako. Vitabu vya risiti na makadirio ya kazi ulivyowahi kuandika vina namba za wateja. Wenye maduka ya vifaa uwaendee kwa miguu. Wanakudai heshima hiyo kama wanavyokudai fedha, kwa hiyo wakikuona mapema kabla hujaulizwa wataelewa kwamba hukubadilisha namba ili ukimbie deni.

Unapojenga orodha upya, ihifadhi kwenye akaunti na si kwenye laini, ambayo kwa kawaida hubeba majina yasiyozidi 250 na haina nafasi ya maelezo. Andika kila namba kwa kuanzia na +255, ili iendelee kufanya kazi hata ukivuka mpaka kwenda Uganda au Rwanda. Majina nayo yasiwe ya kubahatisha: ukihifadhi mtu kama "Bosi 2" au "Mteja mpya", baada ya miaka miwili hutajua ni nani. Weka jina, kazi na mtaa, kwa mfano "Mhandisi, ghorofa la Nyakato", na kwenye sehemu ya maelezo andika kazi uliyoifanya na tarehe yake. Pamoja na hayo, nunua daftari. Najua wapo watakaoona kwamba daftari ni la zamani, lakini fundi ambaye riziki yake iko kwenye namba za watu hana sababu ya kuzitunza mahali pamoja tu, na daftari halichomolewi mfukoni stendi kwa sababu linakaa nyumbani.

Namba yako mwenyewe ndiyo mali kubwa kuliko zote hizo, kwa kuwa iko kwenye simu za watu ambao wewe umeshawasahau. Usiitupe kwa ajili ya bando la bei nafuu la mtandao mwingine. Tangu mwaka 2017 Tanzania ina huduma ya kuhama mtandao bila kubadilisha namba. Usiiache pia ikae muda mrefu bila kutumika, kwani namba isiyotumika hufungwa na baadaye hupewa mtu mwingine, na mteja aliyeitunza kwa miaka mitano atajibiwa na mgeni.

Baada ya kuzipata namba, zitumie. Mpigie mteja uliyemfungia swichi kuu miezi sita iliyopita umuulize inaendeleaje, kama hupata joto, kama kuna taa zinazopepesa. Simu hiyo ina sababu ya kitaalamu, haimwombi kitu, na inamjulisha kwamba namba yako ni ile ile. Mafundi wanaofanya hivyo ni wachache, na ndiyo maana mwenye nyumba akiulizwa na jirani yake kuhusu fundi humtaja huyo aliyerudi kuuliza.

Swali: Nafanya kazi ya uhasibu Nairobi. Kwa sababu ya kazi nina namba za wakurugenzi na mawakili kadhaa, na jamaa zangu huniomba niwape. Nikikataa wanasema nina maringo. Juzi mwenzangu mmoja alichukua namba hizo na kuwaingiza watu wote kwenye kundi la WhatsApp la harambee. Nimeaibika. Je, kuna utaratibu? — Mhasibu, Nairobi

Jibu: Upo, na ni mwepesi: namba ya mtu haitolewi mpaka mwenyewe aulizwe. Mwandikie mkurugenzi kwamba kuna mtu wa aina fulani anayetaka kuzungumza naye kuhusu jambo fulani, umuulize kama umpe namba au apendelee kupokea namba ya huyo mtu ili apige mwenyewe akipata nafasi. Njia hii ya pili ndiyo ninayoipenda zaidi, kwa sababu inamwachia mwenye shughuli nyingi uamuzi bila kumlazimisha kutamka neno la kukataa. Jamaa zako waambie hivyo hivyo: hujakataa, umeahidi kuuliza.

Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, na namba za simu ulizozipata kwa kazi ya mwajiri ni taarifa binafsi ambazo mwajiri wako anawajibika kuzilinda. Uganda ilipitisha sheria yake mwaka huo huo, na ya Tanzania, iliyopitishwa mwaka 2022, ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Kwa hiyo unapokataa kuzigawa hufanyi maringo, unatimiza wajibu wa kazi. Kwa waliokwisha kuingizwa kwenye kundi la harambee, mwandikie kila mmoja peke yake ujumbe wa kuomba radhi, mfupi, bila kumtaja mwenzako kwa ubaya, na umwombe mwenye kundi awaondoe wale ambao hawakuulizwa. Usiombe radhi ndani ya kundi lenyewe, kwa sababu huko utawalazimisha wote kusoma tena jambo ambalo lilikuwa limewaudhi.

Swali: Mimi ni muuguzi Tanga. Metroni aliyenilea kazini nilipoanza, katika hospitali ya mkoa mwingine, tulipoteana baada ya mimi kuhamishwa, na ni miaka mingi sasa sijampigia. Nimesikia kwamba amefiwa na mume wake. Nataka kumpigia lakini naogopa atasema nimekumbuka leo. Tena, kwa kusema kweli, nilikuwa nikifikiria kumtafuta kwa ajili ya ushauri wa masomo ya kujiendeleza, na naona vibaya kuyachanganya. — Muuguzi, Tanga

Jibu: Mpigie, tena usisubiri wiki ijayo. Kwa desturi zetu hakuna simu inayopokewa kwa moyo mweupe kama ya pole, na mfiwa hahesabu miaka ya ukimya wakati ule. Anahesabu waliokuja na waliopiga. Kwa kuwa hamjazungumza siku nyingi, hakikisha kwanza kwamba namba bado ni yake, kwa ujumbe mfupi wenye jina lako, wodi mliyofanya kazi pamoja, na maneno ya pole. Ukijibiwa na mtu mwingine, mtafute kupitia wauguzi wenzako wa wakati ule.

Akikupokea, mpe pole kwanza, na umtaje marehemu kama uliwahi kumfahamu. Maelezo marefu ya kwa nini ulipotea hayana nafasi katika simu hiyo, kwa sababu yatamgeuza mfiwa kuwa ndiye anayekuliwaza wewe. Sentensi moja ya kukiri kwamba umekuwa kimya inatosha. Rambirambi, kwa kiasi unachokiweza, itume baada ya kuzungumza na si badala ya kuzungumza. Na kama jina lake limetangazwa kwenye kundi la wauguzi, usiridhike na kuandika neno poleni chini ya ujumbe wa mia moja na kumi.

Suala la masomo liache kabisa siku hiyo, hata akikuuliza una mipango gani. Mjibu kwa ufupi kwamba uko kazini Tanga na kwamba mengine mtazungumza akishatulia. Mpigie tena baada ya arobaini kumjulia hali, wakati ambapo simu za wengine huwa zimekwisha kupungua na nyumba imebaki na watu wachache. Katika simu hiyo ya pili, au ya tatu kama utaona bado ni mzito, mwulize kama unaweza kuomba ushauri wake siku nyingine, na umwachie yeye ataje siku.